Pambizo la Kushoto

Kila jioni nilipokung'uta sketi yangu kabla ya kutoka ofisini, makombo ya raba yalidondoka sakafuni, meusi na membamba kama kope. Mama wa usafi alikuwa akisema kwamba anaweza kuipima siku yangu kwa ufagio. "Leo umefuta mengi, mwanangu," aliniambia mara kwa mara, akiyakusanya chini ya meza, nami nilitabasamu tu, maana mimi ni mtu wa kutabasamu pale wenzangu wanapojibu.

Kazi yangu ilikuwa kunyoosha Kiingereza cha watafiti. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye ujia wa ghorofa ya pili. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama hospitali ng'ambo ya barabara, kabati la chuma lililolia kila lilipofunguliwa, na simu ya mezani ya rangi ya maziwa. Watafiti walijua figo, walijua udongo, walijua wadudu kwa majina yao marefu. Kilichowashinda ni vijineno vidogo vinavyosimama baina ya jina na jina kama mabawabu: "in", "on", "at", "of", "from". Sisi tuna "kwa", na "kwa" hutubebea karibu kila kitu kama kikapu cha nyumbani. Tunakwenda kwa miguu, kwa daktari, kwa siku mbili, kwa hasira. Kiingereza hakina huruma hiyo. Kila kitu kina mlango wake, na ukigonga mlango usio wako unaachwa nje, hata kama ulichobeba ni dhahabu. Mimi ndiye niliyekaa kutwa nikiwashika watu mkono na kuwapeleka kwenye mlango sahihi. Wenzangu wakaniita Bibi Vihusishi, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mwandishi aliliacha jalada la kijani kwenye sanduku la mlangoni, na hatukuonana naye. Nilisahihisha kwa penseli juu ya rasimu yake, na palipokuwa na shaka niliweka alama ya kuuliza kwenye pambizo la kushoto, nikampigia simu, akanijibu, nikaifuta. Kisha nilipiga chapa nakala safi, mwandishi akaisaini, ikaenda zake. Rasimu ilibaki kabatini mwaka mmoja, halafu ikaingia kwenye mashine ya kukatakata karatasi. Sheria ilikuwa moja tu: jalada lisitoke likiwa na alama ya kuuliza.

Ukiitazama sana sheria hiyo utaona ina uchochoro. Alama huondoka ukiuliza, na huondoka vilevile ukifuta tu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiuliza. Nilifanya mazoezi ya sentensi nzima kabla ya kunyanyua simu, na bado sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyekamatwa. Daktari mmoja aliniuliza kama si mimi ndiye mtaalamu. Mwingine alicheka, akasema niweke lolote linalopendeza. Mwaka wa pili nikawa ninauliza nusu. Mwaka wa tatu simu ilishika vumbi, na kila mtu akanisifu kwamba nimekuwa mwepesi.

Sista, muuguzi wa ile hospitali ya ng'ambo, alikuja siku ya Jumatano, mchana, akiwa bado na sare. Alikuwa mtu mzima mwenye viatu vyeupe vya raba na saa iliyobanwa kifuani kwa pini. Nilimjua kwa mwandiko uliokuwa juu ya jalada alilolishika, kabla hajataja jina la wodi yake, maana makala yake ndiyo pekee niliyowahi kuletewa ikiwa imeandikwa kwa mkono, nyuma ya fomu za zamani za wagonjwa, kipande kidogo kila zamu. Hakuwa na nakala nyingine. Aliniomba radhi kwa kuvunja utaratibu, kisha akaweka barua mezani.

Jarida lilikuwa limeikataa makala. Sista aliisimulia barua hiyo kwa upole, kama anayempa jamaa habari za mgonjwa. Alikuwa ameandika kwamba damu za wagonjwa wa sukari hukaa kwenye trei wodini kwa saa nyingi zikimsubiri tarishi. Zikifika maabara, sukari iliyomo imepungua yenyewe ndani ya kichupa, na mgonjwa anaambiwa hajambo kumbe bado anaumwa. Alikuwa amepima vichupa mia mbili na kumi ili kulithibitisha hilo. Sasa msomaji wa jarida aliuliza swali moja: ikiwa damu zote zilipimwa ndani ya saa tano, kama makala inavyosema, huo ucheleweshaji uko wapi?

"Nimeandika vibaya," Sista alisema. "Nilichokuwa nacho kichwani sicho kilichofika kwenye karatasi. Wewe ulijitahidi, mdogo wangu. Ukipewa kitambaa kibovu utashona nini?"

Kamati ya hospitali ilikuwa ikae Jumatatu. Walikuwa wamemwahidi kwamba makala ikikubaliwa watafungua chumba kidogo cha kupimia damu palepale wodini. Isipokubaliwa, mambo yataendelea kama yalivyo. Akanieleza, bila kuulizwa, habari za babu wa kitanda cha tisa, ambaye ndiye aliyemfanya aanze kuandika. Babu alikuwa mcheshi, akiwaita wauguzi wote wakeze. Aliambiwa sukari yake imeshuka vizuri, akaruhusiwa, akaondoka akiwapungia mkono. Siku ya tatu alirudishwa hajitambui, na hakuondoka tena kwa miguu yake.

"Basi nimekuja kukushukuru na kukurudishia jalada lako," akasema. "Kuandika nakuacha. Kila mtu na kazi yake."

Nilitaka kusema kitu. Nikasugua macho badala yake. Sista alinitazama, akadhani ni uchovu, akainama na kunivuta kope ya chini kwa kidole gumba kilichonukia sabuni ya hospitali. Aliniambia macho yangu yamevilia damu, nisiyasugue, niyaoshe kwa maji baridi asubuhi na jioni. Akanitolea mfukoni pakiti ya pamba safi, akaniachia juu ya barua ile ya jarida, akaenda zake.

Nilifungua kabati. Rasimu yake ilikuwa rafu ya chini, mwisho wa foleni, kwenye kundi la kukatwakatwa kesho yake. Kwenye ukurasa wa nne alikuwa ameweka "in" mbele ya saa tano. Ukiisoma sentensi ile, damu ingeweza kuwa ilipimwa kabla ya saa tano kwisha, au ikakaa saa tano nzima ndipo ikapimwa. Juu yake kulikuwa na neno langu la penseli, "within", ndani ya saa tano: neno safi, la heshima, lisilo na kosa lolote ila kwamba halikuwa kweli. Na kando, kwenye pambizo la kushoto, nilipoinamisha karatasi kuelekea dirishani, niliona mchirizi wa alama ya kuuliza iliyofutwa. Raba huondoa risasi ya penseli lakini haiondoi mfereji uliochimbwa na mkono.

Niliikumbuka alasiri ile. Majalada yalikuwa kumi na moja, kichwa kilikuwa kinanigonga, na nilinyanyua simu kweli. Ikaita mara mbili, sauti ya mwanamume ikasema kwa ukali, "Wodi!" Nikaiweka chini kana kwamba imeniunguza. Nilijiambia kwamba muuguzi asingekuwa na maana ngumu. Nikafuta.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo. Tulimwita Bwana Nukta, kwa kuwa kila mazungumzo aliyafunga kwa neno hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile miaka kumi na tisa, na mgongo wake ulikuwa umeshika umbo la kiti. Nilimweleza kwa sauti ya chini, akanisikiliza akisafisha miwani kwa ncha ya tai. Akauliza kama Sista alisaini nakala safi. Nikasema alisaini. Basi, akasema, aliyesaini ndiye mwenye makala. Ofisi yetu haina jina kwenye kazi ya mtu, wakati wa sifa wala wakati wa lawama. Tukianza kukiri, kila aliyekataliwa na jarida atapanda ngazi hizi. Halafu akanikumbusha, wala hakunitisha, kwamba mkataba wangu unafanyiwa tathmini mwezi ujao, na kwamba ameniandikia vizuri.

"Kesho rasimu zinaondoka," akasema. "Hutaiona tena karatasi hiyo, na usingizi utakurudia. Nukta."

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama yangu ni fundi cherehani, na sebule yetu ina vitambaa vingi kuliko viti. Siku hiyo alikuwa na mteja, mwalimu wa shule ya jirani, aliyesimama katikati ya chumba ndani ya gauni lililoshikizwa kwa uzi mweupe. Mwalimu alikuwa ananung'unika. Alikwisha kuja mara moja kupimwa, sasa mara ya pili kujaribu, na wiki ijayo aitwe tena? Si kuna vipimo kwenye daftari?

"Daftari halina mabega," mama alimjibu, pini zikiwa katikati ya midomo. "Inua mkono. Unabana?"

"Unabana kidogo."

"Kidogo kama nini? Kama kiatu kipya, au kama mume mpya?"

Mwalimu alicheka hadi gauni likatikisika, mama akamkemea asizichomoe pini. Kisha akaanza kuufumua ule uzi mweupe begani, polepole, kazi ya asubuhi nzima, wala hakulalamika. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la pini. Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikishika kopo hilo, na nimemwona akifumua mara nisizoweza kuzihesabu, lakini nilikuwa nikidhani anafumua kwa sababu amekosea. Sikuwahi kutambua kwamba anauliza.

Mwalimu alipoondoka mama aliniuliza nina nini. Nikasema macho yananiuma. Akanitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika kutazama macho. Kisha akanipa bakuli la maji baridi, akarudi kwenye cherehani.

Nililala, ila sikupumzika. Asubuhi nilijikaza kisabuni, nikakaa mezani, nikaandika barua kwa jarida na nakala yake kwa kamati ya hospitali. Barua ya ukurasa mmoja ilinila saa tatu. Nilieleza kwamba rasimu ya mwandishi ilihitaji ufafanuzi ambao haukuombwa, kwamba damu zilikaa saa tano kabla ya kupimwa, na kwamba mwandishi hana kosa. Nikaweka jina langu chini. Sikuwa nimewahi kuliona jina langu kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi ile, na lilionekana kama mtu aliyeingia kwenye harusi asiyoalikwa.

Saa nane mama wa usafi alikuja na toroli la rasimu. Alifungua kabati, likalia, akaanza kupakia mafungu. Nikamwomba anisubiri. Nikachomoa rasimu ya Sista kutoka kwenye fungu lake, nikaandika kwenye daftari la kabati kwamba nimeichukua, saa na tarehe. Mama wa usafi akatazama daftari, akatazama mlango wa Bwana Nukta, akanong'ona kwamba yeye hajui kusoma Kiingereza. Daftari lilikuwa la Kiswahili. Akasukuma toroli lake akienda taratibu kuliko kawaida, na gurudumu moja likilalamika njia nzima.

Nilivuka barabara. Miaka mitatu nilikuwa nimeitazama hospitali ile kupitia dirishani, na sikuwahi kukanyaga lango lake. Wodi ya Sista ilikuwa ya pili kushoto. Ndani palikuwa na vitanda kumi na viwili, feni iliyozunguka bila kupepea, na chini ya dirisha meza ndogo yenye trei ya bati.

Kwenye trei kulikuwa na vichupa vya damu, vimesimama safu mbili, jua likivipiga. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa kipande cha plasta nyeupe, na juu ya plasta, kwa ule mwandiko nilioujua, saa ya kutolewa damu. Saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi. Saa nne na robo. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa tisa.

Nilisimama pale nikihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Hatua mia mbili kutoka mezani kwangu jibu lilikuwa limekaa dirishani, kila siku, limeandikwa kwa wino.

"Umekuja kunionyesha macho?" Sista aliuliza nyuma yangu.

Alikuwa ameshika kipimajoto. Nikamwomba tuongee, akasema tuongee akiwa anafanya kazi, maana wako wawili tu zamu hii. Kwa hiyo nilimwambia nikimfuata kitanda hadi kitanda, maneno yangu yakikatwakatwa na wagonjwa. Nilimwonyesha ukurasa wa nne. Aliutambua mwandiko wake, akatabasamu, kisha tabasamu likakwama. Alisoma neno langu. Nikainamisha karatasi ili mwanga ulipate pambizo.

"Hii nini?"

"Nilitaka kukuuliza. Nikapiga simu, mtu mwingine akapokea. Nikaifuta."

"Ukaifuta."

"Ndiyo, Sista."

Alisoma kipimajoto, akaandika kwenye chati ya mgonjwa, akakitikisa, akakiweka kwenye kikombe chake. Mikono yake haikuharakisha jambo lolote. Nilitamani anifokee, ili niwe na la kufanya na uso wangu.

"Unajua," alisema hatimaye, "mimi niliisoma nakala safi. Niliiona imependeza. Nikasema, kumbe maneno yangu yanaweza kupendeza hivi. Sikuangalia kama bado ni yangu." Akasogea kitanda kinachofuata. "Jana nimemwambia binti wa yule babu kwamba nimeshindwa kwa sababu sina elimu ya kutosha. Ameniambia pole. Yeye ndiye aliyeniambia mimi pole."

Safari hii sikutabasamu.

Nilimpa barua. Alikwenda kusimama dirishani karibu na trei, akavaa miwani yake, akasoma polepole, midomo ikicheza. Kiingereza chake cha kusoma kilikuwa kizuri kuliko alivyojidhania. Alifika katikati, kidole kikasimama.

"Hapa," alisema. "Umesema kosa lilitokea katika ofisi yenu."

"Ndiyo."

"Lilitokea lenyewe? Kama mvua?"

Sentensi ile nilikuwa nimeigeuza mara kumi asubuhi. Kila kijineno kilikuwa mlangoni pake, hakuna mhariri ambaye angeigusa. Sista alichomoa kalamu kutoka mfukoni, akaweka alama ya kuuliza kwenye pambizo la kushoto, ndogo, bila ukali, kama anavyoandika saa kwenye plasta. Kisha akanirudishia barua, akasubiri.

Miaka mitatu sikuwa nimeulizwa swali na mtu aliyesubiri jibu.

Nilipapasa mkoba wangu kutafuta penseli na raba. Sista alitikisa kichwa, akaninyooshea kalamu yake ile ya vichupa.

"Chukua hii. Tunaitumia kwa sababu haifutiki."

Mlango ulifunguliwa, tarishi akaingia akihema, akasalimia wodi nzima kwa mpigo, akanyanyua trei. Vichupa viligongana. Sista akatazama saa iliyokuwa kifuani mwake, akaandika muda kwenye daftari lake. Mgonjwa wa kitanda cha tisa, kijana sasa, alikuwa amejiinua kwa kiwiko akitutazama, kwa vile mchana hospitalini ni mrefu.

Niliegemeza barua ukutani, nikaikata ile sentensi kwa mstari mmoja. Kwa Kiingereza neno "mimi" ni herufi moja tu, iliyosimama wima peke yake. Niliiandika. Wino ukashika.